Vidonge vya Watu Wawili

Bwana asifiwe, wapendwa! Itikieni vizuri, jana kwenye kuvuna ngano nilisikia sauti zenu mpaka bondeni. Bwana asifiwe tena!

Ndugu zangu, mimi nina kifafa. Nasema wazi, sioni haya tena. Nikiwa msichana nilianguka motoni nikipika, huu mkono mnauona. Hospitali wakanipa vidonge, kimoja kila jioni, nikaacha kuanguka. Nikaolewa hapa Mbulumbulu, nikapata mimba, tukafurahi sana.

Mama mkwe wangu ananipenda, mtu asiwadanganye. Alipojua nina mimba alifanya kama tunavyofanya wote, mjamzito analishwa kwa hesabu ya wawili. Maziwa aliongeza, ugali aliongeza. Basi akaona na vidonge viwe viwili. Chakula kikiwa cha watu wawili, dawa iweje ya mmoja? Vikiisha mapema alikwenda mwenyewe kuomba vingine. Kichwa kilinizunguka, miguu ikalegea, sote tukasema ni mimba hiyo.

Mtoto akazaliwa mdomo wa juu umepasuka mpaka puani. Jamani! Kunyonya hakuweza, maziwa yalimtokea puani. Majirani wakasema ni mkosi. Mnajua wenyewe, nyumba yenye mkosi haiendi kuomba moto kwa mtu, wala ng'ombe wake hawanyweshwi pamoja na wa wengine. Wakatutenga. Mzee mmoja wa ukoo akamwambia mume wangu mtoto asihangaikiwe, aachwe aende zake. Nililia, nikakasirika, nikagombana hata na Mungu. Mtoto alikuwa anakwisha mikononi mwangu.

Mama mkwe ndiye aliyenyanyuka. Akajifunga shuka yake, akasema, "Twende hospitali. Huyu ni mjukuu wangu." Tukapanda lori la ngano, magunia chini na sisi juu, vumbi tupu.

Daktari alimtazama mtoto, akauliza nilikuwa nameza dawa gani. Mama mkwe akafungua fundo la shuka, akatoa vidonge, akaeleza yote. Daktari hakumfokea. Alituambia dawa ile inaweza kumfikia mtoto tumboni na kuharibu jinsi anavyoumbika, na kwamba mdomo huumbika mapema sana, mimba ikiwa bado changa. Watoto wengi huzaliwa salama, akasema, na hata kidonge kimoja kingeweza kuleta haya, ila kuongeza kunazidisha hatari. Kuacha ghafla nako kungeweza kuniua mimi na mtoto. Ilitakiwa nimwone daktari kabla ya kubeba mimba, anipangie dawa.

Mama mkwe akauliza kwa sauti ndogo kama mkosi huo utaondoka. Daktari akamjibu, "Mama, hapa hakuna mkosi. Kuna mtoto mwenye njaa."

Haleluya! Nilisikia mzigo unanidondoka. Muuguzi akatufundisha kukamua maziwa na kumlisha kwa kijiko, mtoto akiwa amekaa wima, polepole, bila haraka. Pale pale wodini nilipiga magoti nikamwambia Yesu, mimi niliyegombana nawe nimechoka, nichukue. Akanichukua, ndugu zangu! Mtoto akanenepa, mashavu hayo! Alipopata nguvu wakamshona mdomo, tukampa jina Rebeka.

Tuliporudi nilitaka nijifiche ndani. Mama mkwe akakataa. Siku ya mnada alimbeba Rebeka mgongoni, akapita katikati ya watu, na kila aliyetutenga alimsimamisha amwamkie mtoto. Alipomfikia yule mzee wa ukoo, akamfungua mtoto akamkabidhi. Mzee hakujua ashike wapi. Rebeka akamcheka usoni, na mzee akacheka pia, machozi yanamtoka.

Dada zangu wajawazito, nawaomba. Usiongeze kidonge, usiache kidonge, usimeze cha jirani kabla hujauliza kliniki. Hata vile vinavyouzwa mnadani, acha. Na wewe uliyeambiwa nyumba yako ina mkosi, njoo kwa Yesu leo, usingoje kwanza watu wakukubali. Mimi alinipokea nikiwa nimetengwa, mtoto ana njaa na mimi nina hasira.

Namshukuru Mungu. Namshukuru na mama mkwe wangu, yule pale anayejifuta macho. Mama, simama wakuone. Rebeka huyo aliyelala mgongoni mwako, geuka kidogo, nao wamwone.