Fundi Mawimbi na Barua ya Onyo Sebuleni

Babu yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mawimbi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa nne kati ya saba wa fundi cherehani. Akiwa na miaka minane alizunguka nyumba nzima na redio ya baba yake, akichora kwa chaki sakafuni kila mahali stesheni mbili zilipochanganyika. Alichapwa kwa sababu ya chaki, si ya redio.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, sekondari hadi 1974, kisha chuo cha ufundi, alikopata cheti cha mitambo ya redio mwaka 1977. Mwaka uliofuata aliajiriwa na shirika la simu.

Huko ndiko alikomwona bibi, opereta wa simu. Bibi anasimulia kwamba siku moja alimuuliza, "We fundi, kila siku unakuja kukagua simu ambayo haijaharibika?" Babu akajibu, "Nazuia isiharibike." Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983.

Mwaka 2009 alihamia hospitali kubwa ya ghorofa sita, kupanga mtandao usio na waya. Visahani vyeupe themanini na vinne vya kurusha mtandao vilibandikwa darini, kila kimoja na chaneli yake. Aliwahi kutueleza kwamba viwili vya karibu vikitumia chaneli moja, vinaingiliana kama shangazi wawili wanaosimulia msiba mmoja. Alichora kila ghorofa kwenye karatasi yake, jirani na jirani wasigongane.

Februari 2011, mtandao ulipofunguliwa, wodi ya watoto ghorofa ya tatu ikapata shida. Mashine zinazopeleka mapigo ya moyo kwa wauguzi kupitia mtandao huo zilikatika-katika. Meneja akaamuru nguvu ya visahani iongezwe. Ikaongezwa, hali ikazidi kuwa mbaya. Muuguzi mkuu akamwambia, "Fundi, mtoto wa kitanda cha tisa tumemwahi kwa bahati tu. Mashine yako ilinyamaza."

Babu hakula siku hiyo. Alizipanga karatasi zake moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani. Chaneli zile zile zilikaa pale pale kwenye kila ghorofa, kisahani juu ya kisahani, na mawimbi hupenya sakafu. Alikuwa amepanga kuta, akasahau dari.

Wakati huo uongozi ulikuwa ukimlaumu aliyeuza vifaa, na ilitosha babu anyamaze. Kitindamimba wake alikuwa bado chuoni. Hata hivyo aliandika barua, "Kosa ni langu," akaipeleka mwenyewe kwa uongozi. Kwa siku nne alipanga chaneli upya, akapunguza nguvu, akazima visahani kumi na kimoja.

"Unazima tulivyonunua?" meneja akafoka.

"Mkuu, watu wote wakipiga kelele, dawa si kipaza sauti."

Mashine hazikukatika tena. Hakufukuzwa, alipewa barua ya onyo. Aliitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni kando ya picha ya harusi. Bibi akasema, "Wenzako wanatundika vyeti, wewe unatundika onyo!" Ipo mpaka leo. Alistaafu mwaka 2017.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Aliagiza wasifu wake uandikwe na mjukuu anayesoma sekondari, yaani mimi, akasisitiza, "Ghorofa ya tatu usiifiche." Shangazi hakupenda, lakini agizo la marehemu ni deni.

Tarehe 19 Mei 2024 alilazwa hospitali ile ile, ghorofa ya nne. Alikitazama kisahani juu ya kitanda chake, akamuuliza muuguzi, "Binti, huko chini kwa watoto, mtandao unashika?"

"Unashika, babu. Tangu nianze kazi hapa haujawahi kukatika."

"Basi vizuri," akasema, akageukia ukutani, akalala. Alifariki tarehe 26 Mei, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja.

Mwenyezi Mungu ampumzishe pema, penye utulivu.