Fundi Aliyejifunza Kusoma Wodini

Kwenye treni ya asubuhi, kiti cha mbele yangu, fundi mwashi anayechechemea alikuwa akimsimulia mama mmoja mshonaji jinsi alivyoanguka kazini akavunjika mguu. Alilazwa miezi mitatu, na mzee wa kitanda cha jirani akamfundisha kusoma kwa Injili ya Luka. Sasa kila Jumamosi huwasomea wagonjwa wa wodi ile, na akasema hiyo yote ni kazi ya Mungu.

“Mungu si angekutumia kitabu tu, akauacha mguu?” mama akauliza.

“Kurasa zake ningefungia misumari, mama.”

Nikageukia dirishani nicheke vizuri.

“Kwa hiyo Mungu ndiye aliyekusukuma?” mama akauliza.

“Hapana. Mbao za jukwaa nililosimamia nilizifunga vibaya mwenyewe. Ila aliponikuta chini, hakunipita.”

Mama akamgeukia. “Mimi nilimzika mume wangu mwaka jana. Mbona hajaniambia ni kwa nini?”

Fundi akausugua ule mguu wake. “Hata mimi hajaniambia,” akasema taratibu. “Alikaa nami tu.”

Treni ikasimama. Mama akatangulia kushuka, kisha akageuka akampa mkono. “Sijakubali, fundi,” akasema. “Hiyo Jumamosi mnaanza saa ngapi?”