Siku Nilitembea na Mwana Wangu Kartie Yake

Bamama, muketi muzuri. Miaka yote munasikia mi nasema "muniombee." Leo sikuje na ombi, nakuja na furaha. Majina ya batu sitaji, mwenye atajijua atajijua.

Mutoto wangu wa kwanza munamujua, ule mwenye kuishi Buruseli. Alituambia kama yeye ni mwanaume mwenye kupenda wanaume. Ye baba we! Baba yake mudogo akaita familia yote kwangu, akasema, "Huyu si mutoto wetu tena." Bwana yangu alikuwa ameshakufa, nani angenisemea? Nikasema mwenyewe: "Ni mi nilimuzaa. Sitamutupa." Lakini mutoto alisikia tu kama mukutano ilifanyika kwangu, akakata simu. Miaka ikapita, sauti yake siisikii.

Ndugu zangu, nawaambia, nilianguka. Presha ikapanda. Kwaya nikaacha. Ku soko nikaanza kupitia nyuma, juu ya maneno ya batu. Na nyinyi mukatoka Rugerero, mukatoka Nyakiriba, mukakuja kuketi kwangu kama kwenye kilio. Mumoja wenu, musimuangalie, akanikaripia: "Eh, we mama! Nani amekufa hapa? Mutoto anapumua, we unamuwekea matanga? Amuka, oga!"

Bon. Mudogo wangu mwenye kuishi kule alikuwa anaozesha binti yake, akanitumia tiketi. Nikafika, nikapigia mwana wangu. Akasema: "Mama, kama unataka kuniona, kuja tutembee kartie yetu, ule mutaa tunaishi, kwa miguu, muchana, batu wote wakuone na mimi. Kama utaona haya, urudi Gisenyi, tusitafutane tena."

Nikaomba, nikavaa mushanana, ile nguo yetu ya sherehe ya kufunga ku bega, nikaenda.

Bamama, ile kartie iko na ambiansi! Bendera za rangi mingi ku madirisha, muziki ku kila mulango, batu wanakunywa inje na muchana. Wanaume na wanaume wenzao, banamuke na banamuke wenzao, wanacheka tu. Kifaransa yangu ya masomo ya jioni ikanisaidia. Mwanaume moja murefu, na wigi na viatu vya kisigino, akashika mushanana yangu: "Maman, hii unafunga je?" Nikachukua kitambaa chake, nikamufungia fundo ku bega. Akazunguka kama bibi arusi!

Lakini mwana wangu alikuwa anatembea mbali na mimi, mikono mu mifuko, anangoja nikimbie.

Sasa musikie hii. Nikaona wanaume wawili weusi wanakuja, wameshikana mukono, polepole. Moyo yangu ikaruka! Si kwetu wanaume wanatembea vile, hata mapolisi, hata bapasta? Nikawasalimia na Kinyarwanda, sauti ya juu, pale barabarani: "Yooo, Banyarwanda! Amakuru?"

Wakasimama. "Pardon, madame?"

Mwana wangu akaketi chini kando ya barabara, akacheka mpaka machozi. "Mama, hao si Banyarwanda! Ni bwana na bwana yake!"

"Na nani amewafundisha kutembea kama batu ya Gisenyi?"

Akacheka tena, hata bale wawili wakacheka. Nikamunyooshea mukono: "Na we, simama. Leta mukono. Si we Munyarwanda?"

Akanishika, bamama. Akanikaza kabisa. Tukamaliza kartie yote, tukarudi tena juu ya kupenda tu. Yule wa wigi akatupigia makofi.

Presha imeshuka. Kwaya nimerudi, munanisikia.

Namushukuru Mungu. Namushukuru mudogo wangu, na nyinyi wote, zaidi ule mwenye alinikaripia. Alinifanyia kazi ya dawa. Mama mwenye mutoto wake amejitenga, mi nakuambia: usimungoje ku kiti. Enda pale anaishi, utembee na yeye, utazame kwake na macho yako.

Siku ya Noeli mwana wangu anakuja. Ataketi ku meza yangu, karibu yangu. Baba yake mudogo nimemwambia. Mwenye anataka kumusalimia, mulango iko wazi. Mwenye hataki, barabara ya Rubona ni kubwa, apite!