Birika la Mama

Tangu kituo cha Stechford, mjini Birmingham, Dubow alikuwa akimweleza mzee aliyeketi naye kwenye basi kwamba gari lake limeharibiwa na mama yake, anayebeba birika la udhu na kumwaga maji kwenye zulia la gari.

Mzee Kamlesh, Mhindi wa Kisumu, fundi umeme wa magari mstaafu, aliuliza, “Unaegesha chini ya mti?” “Kila siku.” “Basi majani yameziba mifereji ya maji chini ya kioo cha mbele. Mvua ndiyo inayolowesha kompyuta ya gari, iliyo chini ya zulia. Kama ingekuwa birika, kijana, Waislamu wote wa mtaa wa Sparkbrook wangekuwa wanatembea kwa miguu.”

“Mama anatembea,” alisema Dubow. “Nilimkataza birika garini, naye akakataa kupanda gari. Wiki mbili sasa anakwenda darsani kwa miguu, na barafu hii.”

“Mpigie simu umwombe radhi,” alisema mzee.

“Lakini birika nalo linavuja, mzee.”

Basi likasimama kituo cha Digbeth. Dubow alitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni bila kupiga, akashuka kwenye barafu.