Mama Godelieve Nkulu Aenda Mwene-Ditu Kusahihishwa

Tarehe 30 Juni 1995, Mama Godelieve Nkulu anastaafu. Ameitumikia Foyer, nyumba ya mafunzo ya akina mama ya mtaa wetu, tangu mwaka 1968. Kamati imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya programu ya sherehe: maneno machache na ya furaha. Machache nitajaribu. Daktari amekwisha kuniambia habari za mapafu yangu, na mtu aliyeambiwa hivyo haandiki tena kwa kuipendeza kamati.

Mama Godelieve alizaliwa Lubudi, mtoto wa fundi wa reli. Alisoma kwa masista, kisha akaletwa Kolwezi kuwafundisha wake wa wafanyakazi wa mgodi kushona na kupika keki. Keki hazikumvutia hata kidogo. Alichokiona ni kwamba watu wameletwa kutoka kila upande kwa ajili ya shaba, wamepangwa nyumba ukuta kwa ukuta, na wanajuana kwa kelele tu.

Kazi yake kubwa ilianzia kwenye bomba la maji. Mama Agnès na jirani yake Mama Tshilombo walipigana kwa ndoo, sababu ya bata walioingia kwenye bustani ya sombe, majani ya muhogo. Mama Godelieve aliwatenganisha, akawaambia waje Jumamosi kwenye barza ya Foyer, na kila mmoja asimulie maisha ya mwenzake, si yake mwenyewe. Ikawabidi wiki nzima waulizane maswali, mwanzoni kwa hasira. Jumamosi ilipofika, Agnès alianza kwa kusema kwamba huyu mama ana mdomo kama filimbi ya treni, lakini amezika watoto na bado anaimba akifua nguo. Tshilombo alilia. Bata walisamehewa, isipokuwa mmoja aliyeliwa siku ileile pamoja na bukari, ugali wetu.

Desturi ikawa hiyo. Kila Jumamosi mtu alisimulia habari za jirani yake, na mwenye habari aliketi kwenye kiti pembeni, kimya. Msimulizi akikosea, mwenye habari alipiga mikono kumkatisha, na msimulizi alirudia mpaka iwe sawa. Mwingine yeyote hakuruhusiwa kupiga. Habari ambayo mwenyewe hajaisikiliza mpaka mwisho, Mama Godelieve aliiita mbichi. Mimi, mkuu wa shule, nilisimuliwa na jirani yangu wa mkabala, naye ni Mama Godelieve mwenyewe. Aliwaambia wazazi wa wanafunzi wangu kwamba naogopa bata. Sikupiga mikono, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Habari iliyopendwa kuliko zote ni ile ambayo Agnès alisimulia juu ya Barnabé, mume wa Tshilombo, fundi wetu wa umeme. Barnabé alizaliwa hapa, alisema Kisanga, lugha ya wenyeji, kama Wasanga wenyewe, na wengi tulidhani asili yake ni upande wa Kasaji, humu humu mkoani. Kumbe babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Treni iliposimama Lubudi alishuka kutafuta maji, ikaanza kuondoka, akaikimbilia na kuacha kiatu relini. Aliingia Kolwezi na kiatu kimoja, akaajiriwa nacho. Tulicheka mpaka machozi. Barnabé naye alicheka, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita Kiatu Kimoja.

Kisha mgodi ukaporomoka, maduka ya kambi yakabaki na rafu tupu, na wakubwa wakatafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1992 na uliofuata, ilitangazwa kwenye mikutano kwamba watu wa asili ya Kasai warudi kwao, hata waliozaliwa hapa, hata wale ambao baba zao walizaliwa hapa. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba. Hawakuwa na haja ya kuuliza. Walikuwa wamekulia kwenye ngazi za barza yetu, wakila karanga na kusikiliza. Walijua babu wa nani alishuka kwenye treni gani. Mlangoni kwa Barnabé waliimba: "Kiatu Kimoja, enda utafute kile ingine kwenu."

Familia zilirundikana kwenye uwanja wa stesheni kungoja treni, mvua ikiwanyeshea. Mama Godelieve alikwenda na maji na unga, wakati sisi wengine tulizunguka njia nyingine ili tusionane nao. Tshilombo hakumtukana. Alipokea bidoni ya maji, akamwambia, "Mama Godelieve, habari yetu mulisema muzuri. Batu bote balisikia. Sasa museme na hii."

Aliisema. Jumamosi iliyofuata aliweka kiti cha mwenye habari pembeni, kitupu, akasimulia. Alitaja nani aliimba, nani alibeba godoro, nani alifunga dirisha lake. Alipofika kwa ndugu wa Agnès, ambaye alihamia nyumba ya Barnabé kabla majivu ya jiko hayajapoa, Agnès alipiga mikono. Mama Godelieve akamgeukia.

"Agnès, mikono ya hapa si yako."

Watu wakaanza kutoka. Mimi pia nilitoka, nikisingizia kikohozi. Siku hizi sina haja ya kukisingizia. Kamati ilizifunga Jumamosi kwa ajili ya amani, kama ilivyosema, na Mama Godelieve akarudishiwa keki zake.

Aliniuliza mara moja, tukiwa kila mtu kwenye mlango wake, kama ni sisi tuliowaonyesha wale vijana milango. Nilimjibu kwamba wanaotaka nyumba ya mtu wangeipata tu. Hakunipinga, lakini hakunishukuru.

Mwaliko unasema anastaafu kwa sababu ya umri na anakwenda kupumzika Lubudi, ambako kaka zake wamemjengea. Umri anao, na nyumba ipo. Lakini treni itasimama Lubudi naye hatashuka. Anakwenda Mwene-Ditu, Kasai, ambako wale wa stesheni walipelekwa. Barnabé hakufika huko. Tulisikia kwamba alizikwa kando ya reli, kabla ya kufika Kamina. Amebaki Tshilombo peke yake, na Mama Godelieve anataka kuketi mbele yake na kuisimulia ile habari tangu mwanzo, kiatu na stesheni na majina yetu, kwa sababu bado ni mbichi. Nilimwambia anaweza kufungiwa mlango. Akasema basi ataisimulia akiwa nje. Mtu akipiga mikono ndani ya nyumba, nje inasikika.

Nimefuata desturi yake. Huu ni wasifu wa jirani ulioandikwa na jirani, na utakaposomwa, mwenyewe atakuwa ameketi pembeni. Nilipokosea, apige mikono, nasi tutarudia, hata kama kamati ina haraka ya kwenda kula.

Mama Godelieve, asante. Ulitufundisha kujuana. Tulichokifanya na kujuana huko ni chetu, si chako. Sisi tunabaki na barza. Wewe tunakutakia safari ya salama, uzee wenye utulivu, na mlango utakaofunguka. Na Tshilombo akipiga mikono, anza upya.

Omer Kabemba, jirani wa mkabala