Saini Yangu Kwenye Maji ya Katuba

Citoyen Commissaire wa mji wetu wa Lubumbashi. Citoyen mwakilishi wa Chama. Wakuu wa zone ya Katuba na wa zone jirani. Ndugu wafanyakazi wa huduma ya maji. Mama zetu mliotoka Katuba kwa miguu mkaja kukaa kwenye viti vya nyuma, ingawa ningependa mngekaa vya mbele. Ndugu wageni waalikwa. Na wewe mwenyewe, Citoyen Asani Yuma, pamoja na mkeo mama Habiba: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Mwaba, mkuu wa maabara ya maji. Katika programu mliyopewa mlangoni imeandikwa kwamba nitazungumza juu ya utii wa Citoyen Asani katika miaka yake thelathini na moja ya kazi. Nimelitafakari neno hilo wiki nzima. Je, alikuwa mtii? Ndiyo, alikuwa mtii. Lakini sijui kama alimtii yule ambaye waandaaji wa sherehe hii walikuwa wakimfikiria, na nisingependa astaafu akiwa amesifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Basi niruhusuni niwaeleze yaliyotokea mwaka wa 1979, kwa sababu mimi nilikuwapo, na kwa sababu mimi ndiye niliyekosa.

Mwaka ule nilikuwa na miezi saba tu kazini. Papa Asani ndiye aliyenifundisha kuchota maji ya kupimwa, kuchemsha chupa, kungoja vijidudu vijionyeshe kwenye kisahani bila kuvisaidia na bila kuvificha. Hakuwa mwalimu mpole. Nikikosea alimwaga kazi yote kwenye sinki na kuniambia, "Anza tena."

Mwezi wa nane, kiangazi kikiwa kikali, mfanyabiashara mmoja alipewa kiwanja karibu na kisima namba tatu, kile kinachonywesha upande wa juu wa Katuba. Akajenga machinjio, na kwa ajili ya damu na matumbo ya ng'ombe akachimba shimo. Papa Asani alilipima kwa hatua zake: hatua arobaini na mbili kutoka kwenye kisima. Ilikuwepo sheria ya kukataza jambo hilo, ndugu zangu. Iliandikwa zamani za Wabelgiji, kwa Kifaransa cha mahakamani, nayo ilikuwa imelala kabatini mwetu chini ya vifaa vilivyovunjika. Mwenye machinjio hakuijua. Aliyempa kiwanja aliijua, lakini alijua pia kwamba hakuna atakayeifungua.

Papa Asani aliifungua. Akapima maji mara tatu, akayakuta machafu mara tatu, akaandika ripoti ya kurasa mbili na kuambatanisha ibara za sheria ile. Mkuu wetu wa wakati ule, ambaye hayuko tena katika mji huu, alimrudishia ripoti na kumtaka aandike upya kwamba maji ni safi. Papa Asani akairudisha mezani kwake ilivyo. Mkuu akairudisha tena. Mara ya tatu Papa Asani akapeleka nakala ofisi ya zone kwa mkono wake mwenyewe.

Kesho yake, mchana, mama Habiba alikuja maabara mbio, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Mwaba, balikuya kumubeba," aliniambia. "Banasema ni kwa maulizo tu. Hayakula hata."

Yale maulizo yalichukua siku kumi na moja. Sitasema yalifanyika wapi. Wako humu ndani wanaopajua.

Siku ya pili mkuu aliniita. Karatasi ilikuwa tayari imepigwa taipu: maji ya kisima namba tatu yamepimwa, maji ni safi. Palikosekana saini tu. Akanipa kalamu yake mwenyewe. "Citoyenne, tia signature hapa," alisema. "Ni formalité tu. Ama unataka kumufuata Asani?"

Ndugu zangu, nilikuwa na hofu. Nilikuwa na mama mgonjwa nyumbani na wadogo zangu wanne, lakini sitaki kujificha nyuma yao. Niliyajua maji yale. Nilikuwa nimekiona kisahani kwa macho yangu. Nikasaini. Karatasi ikabandikwa kwenye ukuta wa dispanseri ya Katuba ili watu watulie, na pompi ikaendelea kusukuma.

Mlifikiri nini, ninyi mlioisoma pale ukutani? Mlifikiri kwamba aliyesaini alikuwa amepima.

Papa Asani aliachiliwa siku ya Jumanne. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikuja maabara, amekonda, koti lake la abakosi limekosa vifungo viwili, akaisoma nakala ya karatasi yangu. Nilingoja anitukane. Akachukua kufuli kubwa la ghala na kusema, "Kuya."

Tulitembea hadi kisimani. Ilikuwa saa sita, jua kichwani, na foleni ya mama wenye mabeseni na bidoni za maji ilifika hadi barabarani. Akapita katikati yao, akafunga mashine, akazungusha mnyororo kwenye usukani wa bomba na kutia kufuli. Kelele zilizopanda hapo bado ninazisikia. Mmoja alimrushia beseni likampiga begani. Mama mmoja mrefu alisimama mbele yake. Jina lake ni Ngosa, na leo ameketi pale nyuma, kiti cha tatu kutoka mlangoni.

"Papa, tuko hapa tangu asubui, na sasa unatufungia? Tutakunywa nini?"

"Maji hii haiko muzuri," Papa Asani alijibu. "Musinywe. Nitaleta kamyo ya maji, lakini hii musinywe."

"Na ile karatasi yenye balibandika pa dispanseri, ya kusema iko muzuri? Ni nani aliandika?"

Papa Asani hakunitazama. Angeweza kunyoosha kidole. Alikuwa na haki hiyo. Akainama kukagua kufuli, akaniachia nafasi ya kujibu, na nafasi ile ilikuwa nzito kuliko tusi lolote.

"Ni miye," nikasema.

Mama Ngosa aliniangalia kutoka miguuni hadi kichwani. "Mutoto yangu eko na serum mu mukono, siku ya tisa leo," alisema. "Na weye ulisaini?"

Binti yake huyo, aliyekuwa kwenye dripu, alipona. Mtoto wa jirani yake hakupona. Siku ile nilikiri saini tu, sikuweza kukiri zaidi. Nasema leo, mbele ya mama Ngosa na mbele ya viongozi wa mji: nilisaini, na sikuwa nimepima.

Mnajua wote kwamba nyakati zile, kama hizi, watu hawakusanyiki barabarani kwa kupenda tu. Lakini Jumamosi, siku ya posho kama tunavyosema hapa, kuna salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mji, na Chama chenyewe kiliiamuru. Jumamosi ile mama wa Katuba walikuja na majembe, zaidi ya mia mbili. Wakalifukia shimo la machinjio. Wakapanga mawe yaliyopakwa chokaa kuzunguka kisima, hatua mia mbili kila upande, Papa Asani akitangulia kuhesabu. Ofisa mmoja akaja na gari akifoka, "Nani alibapa ruhusa?"

Mama Ngosa akainua jembe lake. "Citoyen, ni salongo. Utukataze salongo?"

Ofisa aliyatazama yale majembe. Kisha akarudi garini.

Machinjio yalihamishwa, na tume ikaja kutoka mkoani, ikamwomba Papa Asani ushauri. Miaka miwili baadaye mkoa wetu wa Shaba ukapata kanuni yake ya kulinda visima: mita mia mbili bila machinjio, bila vyoo, bila ghala za mafuta. Ibara ya sita inasema hakuna atakayesaini kipimo ambacho hakukifanya mwenyewe. Papa Asani aliiandika ibara hiyo kwa ajili yangu. Nilipompelekea barua yangu ya kuacha kazi aliichana. "Ukienda, bataweka mwingine wa kusaini," aliniambia. "Weye hautasaini tena."

Na yeye alipata nini? Anastaafu leo na cheo kile kile nilichomkuta nacho. Mimi niliyesaini nimepandishwa mara mbili, nikawa mkuu wake. Waheshimiwa, kama mnataka kujua utii unalipwaje kwetu, hesabu ni hiyo.

Nimalizie. Alhamisi iliyopita nilipokea barua. Inaomba mita mia mbili za kisima namba tatu zipunguzwe ziwe hamsini, ili pajengwe maegesho na ghala la mafuta kwa malori yanayokwenda mpakani Kasumbalesa. Inanitaka nitoe maoni ya kukubali kabla ya Jumatatu. Baadhi ya majina yaliyo chini ya barua hiyo yamekaa nami katika ukumbi huu, nami nawaheshimu.

Jana nilikwenda kisimani mwenyewe. Nilipima udongo, nilipima maji, niliangalia mteremko. Mafuta yakimwagika pale yataingia kisimani kabla ya msimu mmoja wa mvua kwisha. Jibu langu ni hapana, na nimelisaini. Citoyen Commissaire, bahasha hii hapa. Nimeileta kwenye sherehe, naomba radhi kwa hilo, kwa sababu karatasi nyingi zimepotea kati ya ofisi yangu na yako, na ningetaka hii uipokee kwa mkono wako, watu hawa wakiona.

Nitangoja.

Asante kwa kuipokea, Citoyen Commissaire.

Papa Asani, nenda ukapumzike. Mama Habiba, asante kwa kutuazima mume wako miaka yote hii. Nanyi nyote, wa mbele na wa nyuma, asanteni kwa kunisikiliza hadi mwisho.