Bi Matone na Chupa ya Kumi na Saba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka Bi Matone, aliyezikwa juzi. Bi Matone, msaidizi wa maabara wa shule ya wasichana. Miaka thelathini na moja, maabara ile ile, koti lile lile jeupe.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana hakuchoka kuwaambia: "Matone, mwanangu, matone! Humwagi uji." Vidole vyake vilikuwa na madoa ya kahawia ya pamanganeti, dawa ya maabara. Wifi zake walidhani anavuta sigara kwa kificho. Naye hakukanusha. Mumewe, fundi cherehani, anasema: "Aliwaacha wapate la kusema."

Sasa sikilizeni yaliyomkuta miaka miwili kabla ya kustaafu.

Ilikuwa siku ya mtihani wa vitendo. Wasichana arubaini na wawili, kila mmoja na chupa yake ndogo ya kimiminika kisicho na rangi. Kazi yao ilikuwa kumimina kidogo kwenye neli ya kioo, kutia matone ya pamanganeti baridi, kutikisa, kisha kuandika walichokiona. Pamanganeti, wasikilizaji, ina rangi ya zambarau. Ikikutana na kaboni mbili zilizoshikana kwa vifungo viwili, hukivunja kimoja na kuzipachika oksijeni. Hapo zambarau hupotea, na mashapo ya kahawia hutuama. Pasipo kifungo cha pili, zambarau hubaki vile vile.

Wasichana arubaini na mmoja waliandika kwamba zambarau imebaki. Mmoja akaandika kwamba imepotea. Mmoja tu, wa kiti cha kumi na saba.

Mwalimu wa kemia aliwaka. "Huyu amekariri majibu ya mtihani mwingine!" Binti alikuwa karibu kufutiwa mtihani. Akasimama mlangoni mwa maabara, analia kwa kwikwi: "Bibi, niliandika nilichokiona."

Bi Matone akazigeukia chupa. Siku hiyo maji yalikatika, kwa hiyo chupa zilikuwa bado hazijamwagwa wala kuoshwa. Akachukua kitone, kile kibomba cha kudondoshea matone, akaanza na ya kwanza. Zambarau. Ya pili, zambarau. Ya kumi na sita, zambarau. Ya kumi na saba, rangi ikafifia machoni pake, ikawa tope la kahawia.

Akaigeuza chupa, akaitambua. Ile ilikuwa chupa ya zoezi la wiki iliyopita. Aliisahau na kimiminika chake ndani, akaipanga pamoja na nyingine. Kosa lilikuwa lake, si la binti.

Angeweza kuimwaga. Nani angejua? Aliishika chupa ile muda mrefu, anasema mumewe, akiwaza barua ya kufukuzwa. Kisha akaenda nayo kwa mkuu wa shule, kitone na pamanganeti mkononi.

"Mwalimu, mtoto hana kosa. Chupa niliipanga mimi."

Akatia matone mbele yake. Mkuu wa shule akatazama. "Rudia." Akarudia. Rangi ikapotea tena.

Mkuu alishusha pumzi. "Afadhali umekuja kabla sijatia sahihi barua ya kumfutia mtihani."

Bi Matone alipewa barua ya onyo, basi. Kazi haikupotea. Binti alipata alama zake, na mwalimu wa kemia akamwomba radhi mbele ya darasa zima.

"Siku hiyo," anasema mumewe akicheka, "alirudi akala sahani mbili, akalala saa kumi jioni kama kichanga. Nikajua mzigo umetua."

Binti yule, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alitupigia simu jana. Alisema hivi: "Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba macho yangu yananidanganya. Yeye ndiye aliyenirudishia macho yangu."

Kwa fundi cherehani, kwa watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu awape subira. Aliondoka usingizini, bila maumivu, na hilo nalo ni la kushukuru.

Nawe msikilizaji, kabla hujaendelea na shughuli zako, jiulize: yupo mtu anayebeba lawama ambayo neno lako moja lingemtua? Basi leo ni siku nzuri ya kumwendea.